Kwa Nini Mtoto Apewe Mwongo?

Jumamosi moja tulitundika shuka jeupe ukutani, tukawasha jenereta, tukatazama filamu ya Kijapani. Inaitwa Rashomon, ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950. Haina rangi, ina dakika 88, na maandishi yake ya chini yalikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo mimi nilikaa mbele nikiyageuza kwa Kiswahili. Ilipoisha, mama mmoja akasimama: "Bote banasema bongo!" Watu wakacheka. Lakini yeye hakuketi. Akauliza: "Sasa huyo mtoto, kwa nini wamempa mwongo?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu.

Kwa ambaye hakuwepo, kisa ni hiki. Watu watatu wamejikinga mvua chini ya lango lililobomoka, huko Kyoto ya zamani: mkata kuni, mtawa wa Kibuddha, na mpita njia. Wawili wa kwanza wametoka mahakamani, wamechanganyikiwa. Samurai mmoja ameuawa msituni, na mkewe amebakwa na jambazi Tajomaru, anayeigizwa na Toshiro Mifune. Jambazi anasema: nimemuua mimi, kwa upanga, tumepigana kiume, panga zikagongana mara 23. Mke anasema: mume wangu alinitazama kwa dharau hadi nikazimia nikiwa na kisu mkononi, nilipozinduka nikamkuta amekufa. Kisha marehemu mwenyewe anaitwa kupitia mganga wa kike anayepandisha roho, naye anasema: nilijiua, maana mke wangu alimwambia jambazi aniue.

Jina la filamu hii limekuwa msemo duniani. Mashahidi wakipingana, watu husema ni mambo ya Rashomon, wakimaanisha kila mtu ana ukweli wake. Mimi nasema hapana. Anayesema hivyo hakuitazama vizuri.

Tazameni kwanza wanadanganya kuhusu nini. Sisi tumezoea mshitakiwa anayesema "si mimi". Hapa hakuna hata mmoja anayemsingizia mwenzake kuua. Jambazi anasema ni mimi, mke anaelekea kukubali ni yeye, na maiti naye anasema ni mimi mwenyewe! Kwa hiyo hawadanganyi ili wakwepe adhabu. Wanadanganya ili wabaki na sura wanayoweza kuishi nayo: jambazi awe shujaa, mke awe aliyeonewa kwa macho ya mumewe, samurai awe mtu wa heshima hata kaburini. Mtu anaweza kukubali kunyongwa kuliko kukubali kuonekana mwoga.

Halafu mkata kuni anakiri kwamba alikuwepo akaona yote. Katika simulizi yake hakuna ushujaa. Wanaume wawili wanatetemeka, wanaanguka, wanatambaa kwenye majani, na jambazi anashinda kwa bahati tu. Tukafikiri: haya, sasa tumepata ukweli. Lakini mpita njia anamgeukia na kumuuliza: kile kisu cha thamani, chenye lulu kwenye mpini, kimekwenda wapi? Mkata kuni ananyamaza. Kumbe aliiba.

Kisu hicho ndicho ushahidi wangu. Kama kila mtu ana ukweli wake, basi kisu hakipo popote. Lakini kipo. Kuna mtu alikichukua. Kuna mtu alikufa, na kuna mwanamke aliyebakwa. Kurosawa hasemi kwamba ukweli haupo. Anasema hakuna shahidi aliyefika mahakamani bila kitu cha kuficha. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi tuliokimbia tunajua ubaya wa kuyachanganya. Wapo waliochoma nyumba zetu ambao leo husema, "Kila upande una simulizi yake." Wasiitumie filamu hii kama kichaka.

Ninayo lawama moja, na wasichana waliokuwepo waliisema kabla yangu. Katika simulizi ya jambazi, yule mwanamke anaacha kupambana na mkono wake unamkumbatia. Picha ni nzuri mno, jua linapenya majani, na mtazamaji anaweza kuimeza kama jambo lililotokea. Jamani, tukumbuke hiyo ni kauli ya mbakaji. Filamu ingeweza kutukumbusha kwa nguvu zaidi.

Sasa wenzetu wa mashirika, hapa nawaomba msogee karibu. Mahakamani, hakimu haonekani wala hasikiki. Mashahidi wanakaa chini, wanatazama mbele, wanatuambia sisi. Kiti cha hakimu tumekalia sisi. Nilipotazama mara ya kwanza nilihisi nimekaa mahali ninapopajua, kwa sababu nimewahi kuwa mkalimani kwenye mahojiano. Nimemwona mzee akiulizwa alivuka mpaka mwezi gani, akataja mwezi ambao si ule aliotaja mwaka uliotangulia. Kalamu ikasimama. Yule mzee hakuwa anaficha mpaka. Alikuwa anaficha kwamba siku ile alikimbia peke yake na kumwacha mtu nyuma. Tarehe iliharibika kwa sababu ya aibu. Na mimi katikati, kama yule mganga, nikisema "mimi" kwa mdomo wangu wakati maneno ni ya mwingine. Hata mimi sikuwa shahidi safi. Nililainisha maneno mawili matatu.

Siombi kila neno liaminiwe. Wapo wanaodanganya, tunawajua, ni majirani zetu. Ninachosema ni kwamba simulizi zikipingana, swali la "nani mwongo?" halitoshi. Kuna la pili: huyu analinda nini?

Basi narudi kwa mama yetu. Chini ya lango wanasikia mtoto mchanga aliyetupwa akilia. Mpita njia anamvua nguo zake na kuondoka nazo. Mkata kuni anamwomba mtawa ampe mtoto: nina watoto sita nyumbani, wa saba hataongeza taabu. Wapo wanaoona mwisho huu umebandikwa tu. Ni kweli kwamba haumo katika hadithi ya Ryunosuke Akutagawa ya mwaka 1922, ambamo mauaji haya yametolewa. Lakini filamu hii ilitengenezwa Japani ikiwa imetoka vitani miaka mitano tu kabla, na nadhani watu waliokuwa wakijenga upya hawakuweza kungoja wapate jirani asiye na doa.

Mama, mtoto amepewa mwongo kwa sababu hakukuwa na mwingine pale. Na kwa sababu mwongo huyo ndiye pekee aliyebanwa kuhusu kisu na akaona haya. Mtawa hakupewa uthibitisho wowote. Alimtazama usoni, akanyoosha mikono. Pengine alikosea. Filamu inaisha mkata kuni akiondoka na mtoto kifuani, mvua ikiwa imekatika, na hatuambiwi walifika.