Muziki Unaomngoja Mtu

Kwa miaka mingi nimekaa katika safu ya pili ya wapiga fidla wa taarab hapa Unguja, nyuma ya mwimbaji, mahali ambapo watu hawaioni sura yako bali upinde tu ukipanda na kushuka. Baadhi ya jamaa huniuliza: wewe usiyetajwa jina, siku ya onyesho unaingojea kwa hamu ya nini? Swali hili limenifanya niupime upya muziki wetu.

Singojei makofi. Nangojea kitu ambacho mazoezi hayakitoi. Jioni klabuni, fidla, kanuni, udi, nai, akodiani na dumbaki, tunarudia bashrafu mpaka vidole viume, na nyimbo tunazitoa sawasawa. Lakini usiku wa arusi hutokea bibi mmoja akaguswa na mstari. Huinuka kutoka mwisho wa ukumbi, noti mkononi, akaja polepole kwa maringo kumtuza mwimbaji. Mwimbaji mwerevu haukimbii mstari ule, huurudia. Nasi nyuma yake tunakirudia kipande kile kile mara ya tatu, mara ya nne, mpaka bibi afike, atuze, na arudi zake. Kila mara lazima tukitie ladha nyingine. Hapo muziki unamngoja mtu.

Nakumbuka maonyesho mawili. La kwanza lilikuwa la wageni, muda wake saa moja tu. Hakuna hata aliyekohoa. Tulipiga bila ya kosa, tukapigiwa makofi ya adabu, nami nikarudi nyumbani kama mtu aliyetoa salamu asiitikiwe. La pili lilikuwa la arusi. Kidole kiliniteleza, sauti ikatoka kombo, na mama mmoja aliyekuwa akipita akacheka, akaniwekea noti juu ya fidla. Nilirudi alfajiri nikiimba njiani. Nikajihoji: je, huu si uroho wa sifa na fedha? Labda upo kidogo. Lakini noti ile ilikuwa ndogo kuliko ujira wa wageni. Kilichonifurahisha ni kuwa nilisikilizwa hata nilipokosea.

Si leo tu taarab imeminywa na saa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, kila upande wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu. Santuri haimngoji mtu. Hata hivyo ndiyo iliyomfikisha Siti kwa watu wasiopata kumwona, nasi twaishukuru.

Tangu miaka ya 1990 kimekuja kinanda cha umeme, na taarab ya kisasa imejaza kumbi. Simdharau anayekipiga. Kundi dogo husafiri kwa gari moja, na mwenye arusi hana uwezo wa kuwalisha wapigaji ishirini. Kosa langu kwake ni moja: mdundo ukishatiwa ndani ya mashine, hauoni nani ameinuka kitini. Mtuzaji hulazimika kuufuata muziki, badala ya muziki kumfuata yeye.

Lakini nyani haoni kundule. Sisi tunaojiita wa asili nasi tumeanza kupiga kama mashine. Tunaikata bashrafu kwa kuogopa watu watachoka. Tunainamia karatasi za noti tusiinue macho. Wengine hukunja uso mtuzaji akija, kana kwamba ametuharibia kazi. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na chuo cha muziki kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 kimewafundisha vijana wengi kushika upinde vizuri. Ufundi, basi, haujatupotea. Tutakachokipoteza, tusipoangalia, ni subira, na hiyo hufundishwa na bibi yule wa mwisho wa ukumbi kuliko mwalimu yeyote.

Sikukuu ya Idi inakaribia, na tumeitwa tupige. Nimebadilisha nyuzi mbili. Kijana anayekaa pembeni yangu ameniuliza kipande cha beti ya pili tukirudie mara ngapi. Nimemwambia: inua macho, utaona.