"Usumbufu wa Pekee": Istilahi Ipotoshayo

Tafsiri sisisi huzaa "milinganyo ya mabadiliko yenye usumbufu wa pekee". Istilahi hiyo haifai. "Usumbufu" ni kero, wala "pekee" haidokezi kiini cha jambo: kigezo kidogo ambacho kikifanywa sifuri, daraja la mlinganyo hushuka.

Tuchukue malaria ya Muleba, ambako vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali ya kudhoofisha ukinzani wa mbu, vilijaribiwa kuanzia 2015. Mbu huishi majuma machache, binadamu miaka mingi. Uwiano wa nyakati hizo ndio kigezo kidogo. Tukikifuta, badiliko la haraka la mbu mara baada ya vyandarua kugawiwa hutoweka katika hesabu. Tukikibakiza, kisha tukokotoe kwa njia za kawaida na hatua ndefu, majibu huweza kwenda upogo. Ndiyo maana hatua hufupishwa palipo na badiliko la ghafla, zikarefushwa kwingineko.

Afisa wa Bukoba asomaye "usumbufu" ataudhania kuwa ni wa kupuuzwa, ilhali ndio usiopuuzika. Twapendekeza "milinganyo ya kigezo kisichofutika". Ni jina refu kidogo, lakini lataja lenyewe kosa la kuepukwa.