Barua ya Marehemu Furaha

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Katika Orodha, tamthilia ya Steve Reynolds iliyotoka mwaka 2006 na kusomwa kwa miaka mingi katika sekondari za Tanzania, methali hiyo imepinduliwa. Kilio ni cha binti Furaha, aliyefariki kwa Ukimwi. Wanaoogopa kuumbuliwa ni wanaume walio hai.

Marehemu ameacha barua yenye orodha, isomwe mazikoni. Kijiji kimekwisha kumhukumu: binti alikuwa mhuni, na maradhi ni malipo yake. Bwana Ecko, Padre James na wenzao hawakunyooshewa kidole, lakini ndio wanaohaha, kila mmoja akihofu kulisikia jina lake. Huo ndio ustadi wa tamthilia: hofu yao ni ungamo lao.

Hukumu hiyo ina historia. Wagonjwa wa kwanza nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, wenyeji waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la nguo za magendo kutoka Uganda. Hata nguo ilipoazimwa jina, jina lililobaki vinywani lilikuwa la mwanamke.

Je, Orodha inamtua Juliana mzigo wake? Nusu tu. Barua inaposomwa haina jina la mtu. Ina mambo ambayo yangalimwokoa Furaha, kama vile uaminifu na kondomu. Kwa mafunzo, hilo latosha. Kwa haki, halitoshi. Wanaume wanashusha pumzi, na aibu inabaki kaburini pamoja na binti.

Tena Furaha anapewa kauli akiwa amekufa, asipoweza kuulizwa wala kujibu. Tamthilia ilitoka miaka 2 baada ya serikali kuanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004. Sheria ya mwaka 2008 ikapiga marufuku unyanyapaa. Lakini sheria haimfikii mama wa Wazo au Mbagala anayepanda daladala mbili kufuata dawa mbali, asionwe na jirani. Yeye hakufa. Anameza dawa, anauza vitumbua, analea. Msichana anayeisoma Orodha darasani hamkuti humo, ingawa huenda ndiye mama yake.

Furaha alifungua mlango kwa barua. Tamthilia itakayomfuata haina budi kumsimamisha mwanamke mzima jukwaani, aisome barua yake mwenyewe, na waliomo ndani yake wakiwa wameketi mbele.