Tezi, Omo na Bandari Nzuri: Safari Moja, Tafsiri Mbili

Hapa Kampala, mwanafunzi wa mwaka wa pili akiulizwa tezi ni nini atajibu kuwa ni ugonjwa, na omo kwake ni sabuni ya unga. Ziwa Victoria tunalo mlangoni, lakini mitumbwi yetu hutua mwaloni, na msamiati wa jahazi haukupanda reli kutoka Mombasa. Kwa sababu hiyo, sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, yenye habari za merikebu ya watu 276 iliyotafuta mahali pa kujikinga na dhoruba, ni kipimo kizuri kwa darasa la tafsiri.

Tafsiri ya Union ya mwaka 1952 inazungumza kibaharia. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, kina hupimwa kwa pima, na upepo unaokabili chombo ni wa mbisho. Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 imeyaepuka mengi ya maneno hayo ili msomaji wa kawaida aelewe. Nia ni njema, ila hasara ipo. Tuchukue zile nanga nne zilizoshushwa usiku karibu na Malta. Kwa kawaida chombo hutia nanga kwa omo. Mabaharia hawa walizitia kwa tezi ili omo ibaki ikielekea nchi kavu, na kukicha wapate kukipandisha chombo pwani. Ukisema tu kwamba nanga zilishushwa nyuma ya meli, msomaji anaweza kudhani ziliachwa huko nyuma, na ile hila yote ya kibaharia imepotea.

Hata hivyo, nisiisifu Union kupita kiasi. Kwa hofu ya kukwama, imechagua kitenzi kupwelewa. Neno hili ni tamu, lakini limetokana na kupwa kwa maji: chombo hupwelewa maji yanapokitoka na kukiacha juu ya fungu. Mombasa, ambako bamvua hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3, neno hilo lina mahali pake. Malta maji hayapwi kiasi cha kuonekana, na walichokiogopa mabaharia ni kupanda mwamba. Mfasiri ameihamisha Bahari ya Hindi hadi Mediterania!

Kisha lipo neno bandari. Mahali palipo kusini mwa Krete, kwa Kigiriki Kaloi Limenes, tumepaita Bandari Nzuri. (Kigiriki ni wingi, nasi kwa bahati ngeli yetu haitofautishi.) Siku hizi neno bandari humletea mwanafunzi picha ya gati, winchi na makontena. Kumbe pale palikuwa ghuba tu ya kutilia nanga, wazi kwa pepo kadhaa, na ndiyo sababu nahodha alikataa kukaa hapo majira ya baridi. Asiyelijua hili humwona nahodha mpumbavu: ameshafika bandarini, tena nzuri, anaondoka kwenda wapi?

Kiswahili hakina upungufu hapa. Diko ni pa kupakulia mashua, hori ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, gati ni pa kufungia meli, na nangani ni mahali meli inapongoja ikiwa imetia nanga. Jina Kilindini lenyewe linatuambia kuwa pana kilindi, yaani maji ya kina. Kwa upande uliokingwa na upepo tunalo demani, na ule unaopigwa ni joshini. Kisiwa cha Kauda kiliikinga merikebu hii kwa muda mfupi tu, na katika muda huo ndipo walipoweza kuivuta mashua yao ndani. Kwa mwanapwani, neno demani lingetosha kulieleza tukio hilo.

Nionavyo mimi, Union ibaki kitabu cha darasa, pamoja na maelezo ya chini ya ukurasa. Bandari Nzuri nayo, kwa kuwa imeshazoeleka kama jina la mahali, iachwe ilivyo, ila mwalimu aeleze kabla hajasoma kwamba hapakuwa na gati.