Vidole Vinavyosoma Nguo

Balo la mitumba likifika Masisi-Centre, mashariki mwa Kongo, macho mengi yamekwisha kulipitia. Nguo zilizotolewa na watu wa Ulaya na Marekani huchambuliwa kwanza hukohuko, na zile nzuri zaidi hubakizwa kwa maduka yao. Nyingine hupitia Dubai au Sharjah, zikachambuliwa upya. Ndipo zinaposhindiliwa, zikafungwa kamba na kupakiwa melini hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha lori hadi Goma. Kutoka Goma balo hupanda pikipiki, hupita Sake, hukwea milima ya Masisi. Mengine huenda mbali zaidi, msituni Walikale, hadi Mubi na Njingala, ambako wachimba kasiterite, madini ya bati, hununua mahitaji yao. Kitu cha thamani kikionekana huko juu ya turubai, baada ya wataalamu wote hao kukipita, mimi siiti bahati. Ni kazi ya fundi, na fundi huyo mara nyingi ni mama wa sokoni.

Mtazame anapofungua balo. Anakata kamba, nguo zinafura na kumwagika, vijana wanazivamia kwa rangi zake. Yeye rangi hana haja nayo. Mkono wake unazama katikati ya rundo, unapita juu ya pamba na nailoni bila kusita, halafu unatulia. Anavuta koti la sufu, zito, la kahawia. Ukilisogeza karibu na jicho unaona nyuzi za kijani na za njano zimelala ndani ya ule ukahawia. Analipindua, anavuta mshono wa kwapa kuona kama unaachia, anapima kola kwa kidole gumba. Kwenye bitana kuna lebo ndogo yenye tufe na msalaba juu yake: Harris Tweed. Alama hiyo ilisajiliwa mwaka 1910, na sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1993 inataka kitambaa hicho kifumwe na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides, majumbani mwao. Mama hajapata kusikia habari za visiwa hivyo. Lakini vidole vyake vilikwisha kumwambia kwamba aliyefuma hakuwa na haraka.

Kuna alama nyingine ambazo wachuuzi wenye ujuzi huzikariri. Suruali ya Levi's, kwa mfano, ina utepe mwekundu kando ya mfuko wa nyuma. Jina likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, hata ile E, basi ilishonwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 1971, na wakusanyaji wa Japani na Marekani huitafuta kwa pesa nyingi. Tai za hariri nazo zina wapenzi wake katika nchi hii, ambako Rais Mobutu alipiga marufuku suti na tai kwa miaka mingi, mpaka alipolegeza Aprili 1990.

Wapo watakaosema koti lile lingeuzwa ng'ambo. Sikubaliani nao kabisa. Milima ya Masisi hupita mita 2000, asubuhi ukungu unalala juu ya malisho, na mchungaji amesimama na fimbo, kofia, buti za mpira na koti refu. Koti la Harris Tweed mgongoni mwake linafanya kazi ileile lililofumiwa. Na katika nchi ambayo vita vimewatoa watu majumbani mara kwa mara, hadi kuingia Walikale-Centre Machi 2025, nguo nzuri ya sufu ni mali anayoweza kukimbia nayo ikiwa mwilini.

Kinachoniuma ni bei. Koti hilo huuzwa sawa na jaketi la plastiki lililokuwa kando yake, kwa kuwa mnunuzi halipii ujuzi wa aliyelitoa rundoni. Na mama mwenyewe alilinunua balo likiwa limefungwa, akabeba hasara yote peke yake.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji wa jumla wa Goma: kabla mama hajahesabu dola zake, kateni kamba moja, mwacheni aingize mkono. Nanyi wanunuzi, akiwaonyesha nguo aliyoiweka kando, muulizeni kwa nini aliichagua, kisha mlipeni na kwa jibu hilo.