Bai'a ya Ukoo: Nyumba ya al-Assad na Hoja ya Ghalaba

Katika darsa na maandishi yetu mengi, swali la vipi ukoo wa al-Assad uliweza kuikalia Syria tangu 1970 hadi 2024 limekuwa likijibiwa kwa neno moja tu: Unusairi. Husomwa fatwa ya Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H) juu ya kundi hilo, kisha mlango hufungwa. Jibu hili lina chembe ya ukweli, kwani maafisa wengi wa jeshi na ujasusi walitoka katika jamii ya Maalawi wa milima ya pwani. Lakini mwenye kuitazama tarikh kwa insafu ataona kwamba jibu hilo linaacha nje mambo makubwa kuliko linayoyaeleza, na baya zaidi, linawapa udhuru watu wasiostahiki udhuru.

Tuanze na damu ya mwanzo. Mtu ambaye Hafez al-Assad alimpindua Novemba 1970 alikuwa Salah Jadid, Mualawi mwenzake. Jadid alitiwa gerezani na hakutoka. Alifia humo mwaka 1993. Muhammad Umran, Mualawi mwingine aliyekuwa pamoja nao katika njama za jeshi, aliuawa Tripoli ya Lebanon mwaka 1972. Kwa upande wa pili, Mustafa Tlass, Msunni wa Rastan, alikuwa Waziri wa Ulinzi kuanzia 1972 hadi 2004, na Abdul Halim Khaddam, Msunni wa Banias, alikuwa Makamu wa Rais tangu 1984 hadi 2005. Ikiwa madhehebu ndiyo yaliyotawala, vipi wenye madhehebu wafe jela na wasiokuwamo wapewe wizara?

Ibn Khaldun alikwishatufungulia mlango huu katika Muqaddima yake. Asabia humpandisha mtawala, lakini akishakaa huanza kuwaogopa wale wale waliompandisha, akawafukuza na kujitengenezea watu wapya ambao hawana tegemeo ila yeye. Hafez aliifanya kazi hiyo kwa subira. Alikuwa na idara nne kubwa za ujasusi: ya jeshi, ya jeshi la anga, ya usalama wa dola na ya usalama wa siasa. Kila moja iliwapeleleza raia, na kila moja ikazipeleleza nyingine tatu. Mkuu wa kikosi hakujua ni nani kati ya walio chini yake anayepeleka habari zake juu. Nyuzi zote zilikutana mahali pamoja tu, nyumbani kwa Rais.

Hata ndugu wa tumbo moja hakusalimika na mpango huo. Rifaat al-Assad ndiye aliyeongoza vikosi vya Saraya al-Difa', vilivyoshiriki kuuvunja mji wa Hama Februari 1982, ambako waliouawa hukadiriwa kati ya watu 10,000 na 40,000. Miaka miwili baadaye, kaka yake akiwa ametoka katika maradhi, Rifaat alijaribu kukitwaa kiti. Hakuuawa. Alipewa cheo cha Makamu wa Rais, akasafirishwa nje ya nchi, na vikosi vyake vikapunguzwa. Kucha zake zikakatwa kwa heshima!

Chini ya mtoto, Bashar, nyumba iligawana kazi waziwazi zaidi. Mdogo wake Maher alishika Kikosi cha Nne cha jeshi. Shemeji yao Assef Shawkat aliongoza ujasusi wa jeshi tangu 2005, na aliuawa katika mlipuko wa Julai 2012. Mali ikawa mikononi mwa Rami Makhlouf, mtoto wa mjomba wake Bashar, mwenye kampuni ya simu ya Syriatel. Naye alipoonekana amenenepa kupita kiasi, mwaka 2020 alinyang'anywa.

Sasa tuje kwenye fiqhi, kwani hapa ndipo penye lawama yetu. Hafez alifariki tarehe 10 Juni 2000. Katiba ilitaka Rais awe na umri wa miaka 40, na Bashar alikuwa na miaka 34. Siku ile ile Bunge likabadilisha kifungu cha 83, umri ukawa 34. Katiba ikakatwa kama kanzu, kwa kimo cha mvaaji. Mwezi uliofuata ikafanyika kura ya maoni yenye mgombea mmoja, akapata asilimia 97. Mwaka 2007 ikarudiwa kwa mfano huo huo, na mitaa ya Damascus ikajaa mabango ya "kufanya upya bai'a".

Neno bai'a halikuokotwa njiani. Ni mkataba wa kisharia, wenye pande mbili na ridhaa. Imam Malik alipigwa mijeledi Madina katika zama za Khalifa al-Mansur kwa kushikilia kuwa talaka ya mwenye kulazimishwa haisihi, na watawala walielewa vyema kwamba bai'a ya kulazimishwa inaingia humo humo. Naye al-Mawardi, anapozungumzia mtawala kumuusia mwanawe utawala, anataja kauli ya wanaokataa asijitenge peke yake bila kuwashauri ahlul-hal wal-aqd, kwa kuwa ni kama mzazi kumtolea mwanawe ushahidi.

Waliotetea utawala huu kwa jina la dini walishika hoja ya ghalaba. Wanafunzi wetu wa pwani waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi wanaijua: uimamu hupatikana pia kwa kushika kwa nguvu, hata kwa fasiki na mjinga, katika kauli iliyo sahihi zaidi. Ibn Jama'a (aliyefariki 733 H) aliieleza hoja hiyo kwa uwazi mkubwa, na ajabu ya Qadar ni kuwa yeye ni mzaliwa wa Hama. Lakini hukumu hii ni ya dharura. Wameiruhusu ili damu isimwagike na umoja wa Waislamu usivunjike. Anayeubomoa mji mzima juu ya wakazi wake ameiondoa ile ila iliyoihalalisha hukumu. Na ila ikiondoka, kwa kanuni ya usul, hukumu huondoka nayo. Wala ghalaba ya baba si ghalaba ya mtoto. Bashar hakumshinda mtu yeyote.

Sheikh Muhammad Said Ramadan al-Buti, Allah amrehemu, alikuwa bahari ya elimu na vitabu vyake tunavisoma. Lakini msimamo wake wa 2011 wa kuzuia kutoka dhidi ya mtawala uliisoma nusu ya masuala: ulipima fitina ya wanaotoka na haukupima ya aliyekaa. Aliuawa msikitini Damascus, Machi 2013, katikati ya darsa yake. Na nyumba aliyoipa utiifu ilikuwa na shukrani gani kwa maulamaa? Novemba 2021 Bashar alifuta kwa amri moja cheo chenyewe cha Mufti wa Jamhuri.

Ukoo ulianguka tarehe 8 Desemba 2024, Bashar akakimbilia Moscow. Machi 2025 mamia ya raia wa Kialawi waliuawa katika vijiji na miji ya pwani ya Syria, wengi wao watu ambao hawakuwa na sehemu katika nyumba ile isipokuwa jina la madhehebu. Wanaosema kwamba tafsiri ya tarikh ni maneno ya vitabuni tu na waitazame pwani ile. Aliyefundishwa kuwa dhulma ilikuwa ya kabila zima, akishinda hatamtafuta Makhlouf, atamtafuta jirani.

Mwezi ule ule cheo cha Mufti kilirudishwa, akapewa Sheikh Osama al-Rifai. Mara ya kwanza, mwaka 2021, alikuwa amechaguliwa na masheikh wenzake wa upinzani. Mara hii aliteuliwa kwa amri ya Rais wa mpito.