Barua katika Karakana ya Msanii

Aghalabu wahakiki huzisoma barua za msanii kama maungamo ya nafsi. Usomaji huo una upungufu. Barua zipatazo 650 za Vincent van Gogh kwa nduguye Theo zimesalia. Humo mchoraji huyo alieleza rangi, alichora vielelezo vya kazi zilizokuwa mkononi, na kutaja fedha alizopelekewa. Barua ilikuwa sehemu ya karakana yenyewe.

Katika fasihi ya Kiswahili mfano wa karibu ni Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zilizochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Karani huyu wa serikali ya kikoloni alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge kwa miaka 27. Nyuma ya tenzi na riwaya palikuwa na ajira, jamaa, na msomaji mmoja wa kudumu.

Anayesahauliwa ni mhifadhi. Theo alizitunza barua za Vincent, na mjane wake, Johanna, akazichapisha mwaka 1914. Za Theo kwa Vincent zimesalia takriban 40 tu, maana mpokeaji hakuwa na desturi ya kuweka. Hivyo basi, tunachokiita maisha ya ubunifu ni kile alichokiweka ndugu.

Hoja hii inamhusu pia mchoraji wa mabango wa Chaani, Mombasa, ambaye maagizo na mashauri yake leo hupita katika simu na kufutika. Mhakiki akingoja msanii afariki, atakuta picha pasipo karakana.